RANGI YA BANDA LA MBWA NI SHAURI LA UNION



Huenda wengine wenu mtacheka mkiona kwamba ukurasa huu, ambao kwa desturi hunena habari za mishahara, nyumba na zamu, mara hii wanena habari za kupaka rangi mabanda ya mbwa. Tunawaomba msome mpaka mwisho ndipo mcheke. Neno tulilo nalo ni hili: rangi inayomdhuru mnyama aliyelazwa bandani humdhuru kwanza mtu aliyeipaka, na kazi ya rangi iliyofanywa kwa haraka na kwa siri humnyima mtu huyo ujira wake. Basi shauri hili si la mbwa peke yao. Ni letu.

Kila mmoja wetu ajua kwamba mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Wengi wetu tulijifunza brashi tukipaka mabehewa, milango ya stesheni na nguzo za ishara, na siku ya mapumziko twachukua kibarua nje. Hapa Nairobi, upande wa Karen na Lang'ata, ziko nyumba za kulaza mbwa na paka kwa malipo wakati wenyewe wamesafiri, na yako mabanda ya farasi ambao wenyewe huja kuwapanda Jumamosi na Jumapili tu. Nyumba hizi hujaa sana wakati wa Krismasi. Kwa hiyo wenye nyumba hutaka kila kitu king'ae kabla ya Desemba, na mpaka rangi huitwa mwezi wa Novemba.

Sasa fikirini. Novemba ni mwezi wa mvua za vuli. Ukuta una maji, sakafu ina maji, hewa yenyewe ina maji. Tajiri ataka kazi iishe Ijumaa, na Jumatatu mbwa waingie. Hapo ndipo mashaka yote yanapoanza.

YALIYOWAPATA WENZETU

Mwaka jana wenzetu wawili walichukua kazi ya namna hii. Hatutaji mahali wala mwenye mahali. Waliambiwa rangi imekwisha nunuliwa, kazi yao ni mikono tu. Walikuta mikebe isiyo na karatasi yoyote, na chupa za soda zenye thina. Mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo waliamriwa wafunge milango na madirisha ili maji yasiingie. Siku ya pili mmoja wao aliumwa na kichwa, akatapika, akatolewa nje akiwa hajui aliko. Aliyebaki alimaliza kazi peke yake.

Mbwa waliingizwa siku ya tatu baada ya mkono wa mwisho wa rangi. Kabla ya majuma mawili kupita, rangi ya sakafu ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu, mbwa wakaitafuna, wawili wakaugua. Tajiri alikataa kulipa nusu ya fedha iliyobaki, akasema wapaka rangi ndio walioharibu. Walipokuja kwetu tulitaka kuwasaidia, lakini hapakuwa na kitu cha kushika mkononi: hapana mapatano yaliyoandikwa, hapana jina la rangi, hapana tarehe ya mbwa kuingia. Neno la maskini bila karatasi huwa upepo. Ndiyo sababu tunaandika leo, Novemba isije tena ikatukuta vilevile.

SUMU ILIYOMO

Jambo la kwanza ni risasi. Hatusemi risasi ya bunduki, bali madini yenyewe ambayo kwa miaka mingi yalitiwa katika rangi ili iwe nzito, ikauke upesi na kustahimili jua na mvua. Rangi nyeupe ya risasi ilipakwa majumbani. Rangi nyekundu ya risasi ilipakwa chini ya rangi nyingine juu ya chuma, nasi watu wa reli twaijua sana rangi ile ya chini katika vyuma vya zamani.

Sumu yake haikugunduliwa jana. Wapaka rangi wa Ufaransa walipigana kwa njia ya vyama vyao hata bunge la huko likapitisha sheria mwaka 1909 ya kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kazi ya majengo, ianze kufuatwa mwaka 1915. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa Mkataba namba 13, uliokataza rangi hiyo ndani ya majengo na kuwakataza vijana wa chini ya miaka 18 wasiishike katika kazi za viwanda. Lakini sikilizeni vema, ninyi watu wa reli: mkataba ule uliacha mlango wazi kwa stesheni za reli na viwanda, kama wakuu wangeona ni lazima, baada ya kushauriana na vyama vya matajiri na vya wafanyi kazi. Yaani mahali tulipokuwa tukifanya kazi ndipo palipoachwa. Hatupaswi kulisahau neno hilo tunapookota ubao au bati la zamani.

Hapa Kenya viwango vya rangi vya siku hizi haviruhusu risasi kuzidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Hiyo ni sheria njema. Lakini sheria haiukwangui ukuta uliopakwa zamani, wala haiujui mkebe usio na karatasi. Kwamba risasi yaua hatuhitaji kufundishwa na watu wa ng'ambo. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliharibiwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3.

Mbwa hula rangi kwa sababu hutafuna mlango akiachwa peke yake. Farasi hutafuna ubao wa kizuizi. Ng'ombe hulamba chuma na ukuta, naye huumizwa na risasi upesi sana: huwa kipofu, husaga meno, huanguka akafa. Mbwa hutapika na kushikwa na kifafa. Mwanadamu haulambi ukuta, lakini huupiga msasa akavuta vumbi lake, kisha akala chapati kwa mikono ileile. Tumbo humkaza, viungo humwuma, damu hupungua, na mwisho kifundo cha mkono hulegea asiweze kushika brashi. Vumbi likikaa katika nguo zake, hulichukua mpaka nyumbani, na mtoto mdogo ndiye aumiaye zaidi kwa kuwa risasi huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Ulimwenguni limesema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kwa hiyo rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, wala usiichome kwa moto. Ilowanishe maji, uikwangue ikiwa imelowa, utandaze nailoni chini, ukusanye vipande vyote na kuvifunga. Usivifagilie bustanini wanapochezea mbwa, wala usizitie jikoni mbao zilizokwanguliwa. Nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto.

Kadhalika twawaonya wale wanaochukua mbao kuukuu zilizolowekwa kreosoti kujengea mabanda, na wale wanaopaka nguzo oili chafu ya injini ili kuzuia mchwa. Kreosoti huchoma ngozi ya mtu na ya mnyama, na oili ile ina mabaki ya vyuma. Ng'ombe au mbwa hajui kwamba kinachonuka nguzoni si cha kulamba.

HEWA YA BANDANI

Jambo la pili ni thina na tapentaini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kukaa chini. Mpaka rangi aliyesimama juu ya ngazi aweza kudhani hewa ni safi, na mwenzake anayepaka sakafu amepiga magoti ndani ya sumu. Ndiyo sababu pia mbwa huumia: yeye hulala palepale mvuke unapokaa, na pua yake yanusa kuliko yetu mara nyingi sana.

Iko desturi ya kumpa mpaka rangi pakiti ya maziwa jioni ili "kusafisha kifua". Maziwa ni chakula chema, lakini hayapiti kifuani, hupita tumboni. Pakiti ya maziwa si kinga, nasi tusikubali kuuziwa afya yetu kwa pakiti. Vilevile kitambaa kilichofungwa puani, au barakoa nyepesi ya hospitali, hakizuii mvuke. Kinachouzuia ni barakoa ya mpira yenye vichujio vilivyotengenezwa kwa kazi ya rangi, na zaidi ya hiyo ni mlango wazi na upepo upitao. Mvua ikikulazimisha kufunga mlango, basi siku hiyo si siku ya kupaka rangi ya mafuta. Wala pasiwe na jiko la makaa, kiberiti au sigara karibu, kwa kuwa mvuke huo hushika moto kutoka mbali. Mikono nayo isafishwe kwa sabuni na mafuta ya kula, si kwa petroli.

RANGI IDUMUYO

Wako wanaosema, rangi ikibanduka upesi si neno, tutaitwa tena. Mawazo hayo ni mabaya. Anayeitwa tena si yule aliyepaka, ni mwingine. Wa kwanza hubaki na jina baya na deni. Kazi idumuyo ndiyo bakora ya fundi anapodai ujira wa haki.

Banda la mnyama lina adui watatu ambao nyumba ya mtu hana: mkojo, kucha na maji ya kuoshea kila siku yaliyotiwa dawa. Rangi ya maji ya kawaida yafaa ukutani juu, lakini sakafuni haikai mwezi. Tena, rangi haibanduki kwa sababu ya juu, hubanduka kwa sababu ya chini. Mambo ya chini ni haya.

Simiti mpya ingoje siku 28 kabla ya kupakwa rangi ya mafuta, maana ukali uliomo ndani yake huigeuza rangi ikawa kama sabuni. Simiti ya zamani ioshwe mkojo na mafuta yote kwa sabuni na brashi ngumu, isuuzwe, ikauke. Kujua kama imekauka si kazi ya jicho. Chukua nailoni safi, futi 1 na nusu kila upande, uibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne tangu jioni mpaka kesho yake mchana. Ukikuta matone chini yake, au simiti imekuwa nyeusi, maji bado yamo. Ukipaka juu yake, umepaka juu ya maji.

Rangi ya sakafu ile ya mikebe miwili inayochanganywa ni imara sana, lakini ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa kukadiria, na asiishike mtu asiye na glavu, kwa kuwa ngozi ikishaikataa mara moja itaikataa maisha. Kama hakuna fedha ya rangi hiyo, sakafu ya simiti iliyosuguliwa vema, yenye mteremko wa kupeleka maji nje, isiyopakwa kitu, ni bora kuliko rangi rahisi inayobanduka ikaliwa.

Mabati mapya yasipakwe rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa sababu zinki iliyo juu yake hugombana na mafuta hayo na rangi huachia vipande vipande. Yaoshwe mafuta yake, yapakwe kwanza rangi ya chini iliyotengenezwa kwa mabati, ndipo rangi ya juu.

Na tusiidharau chokaa. Kwa ukuta wa simiti au wa mawe, chokaa ni rahisi, haina risasi wala thina, na ukali wake huua vijidudu vingi. Ilowekwe usiku kucha, ichujwe, ipakwe nyembamba mara mbili au tatu juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, na yapasa kurudiwa, kwa kuwa huchakaa. Ikiwa mbichi huchoma macho na ngozi, basi mvae miwani, na ikiingia jichoni oshea maji mengi papo hapo kisha uende hospitali. Mnyama asirudishwe mpaka ikauke kabisa.

KUKAUKA NA KUKOMAA

Hapa ndipo matajiri wengi hawaelewi, nasi twapaswa kuwaeleza kwa upole. Rangi kukauka kwa kidole si kukomaa. Rangi ya maji haishiki kidole baada ya saa moja au mbili, lakini haijakomaa. Ile ya mikebe miwili huhitaji yapata siku 7 mahali pa joto la kadiri, na katika baridi ya Nairobi hukawia zaidi. Kucha za mbwa zikiingia siku ya tatu, haijalishi fundi alipaka kwa mikono ya dhahabu. Haraka haraka haina baraka. Basi kama wageni wa Krismasi wanaingia Desemba, kazi yataka kuanza mwezi wa Septemba, wakati jua lipo, na vyumba vipakwe kwa zamu ili wanyama wapate pa kuhamia.

SHERIA IPO

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali watu wanapofanya kazi, hata kwa muda. Yamtaka mwajiri atoe mavazi na vyombo vya kinga mahali penye vitu vya kudhuru. Yataka kemikali zitiwe alama zinazoonyesha hatari yake. Tena yasema kwamba mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Kwa hiyo mwenzetu aliyetapika hakuwa mvivu. Sheria ilikuwa upande wake, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Basi kila mwanachama anayechukua kazi hii, hata ya siku mbili, afuate mambo haya:

1. Asifungue mkebe usio na jina la mtengenezaji na maelezo ya kutumia. Aandike jina hilo daftarini.

2. Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi: nani anunua rangi, malipo ni kiasi gani, yatalipwa lini.

3. Tarehe ya wanyama kuingia iandikwe katika karatasi hiyohiyo, kwa siku ambazo mkebe wataka. Wakiingizwa kabla, lawama si ya fundi.

4. Siku za kusafisha na kukausha zihesabiwe kuwa siku za kazi, si zawadi.

5. Barakoa, glavu na miwani viwepo kabla ya kazi kuanza, si baada ya mtu kuanguka.

6. Asifanye kazi peke yake ndani ya chumba chenye thina.

Twajua jibu litakalokuja. Mtasema, tukidai hayo yote, tajiri atamwita mwingine asiyedai kitu. Maneno haya ni ya kweli, wala hatuyadharau, maana njaa haina subira. Lakini huyo mwingine ni nani? Mara nyingi ni mwenzetu wa landi ileile, wa zamu nyingine. Sisi wenyewe ndio fimbo inayotupiga. Siku tutakapouliza wote swali moja, "Karatasi ya mkebe iko wapi?", hapatakuwa na mwingine wa kuitwa. Wapaka rangi wa Ufaransa hawakushinda kwa sababu walikuwa matajiri. Walishinda kwa sababu walikataa pamoja.

Tusiwasahau wale wanaotunza wanyama hao, wanaoosha sakafu kila asubuhi na wengine kulala karibu na mabanda. Wao si wanachama wetu, na wengi hawana chama chochote. Rangi mbaya tukiipaka leo, sisi twaondoka jioni, wao wanabaki nayo mwaka mzima. Mwenye brashi asipofikiri juu yao, nani atafikiri?

Ofisi ya tawi itaweka karatasi za mapatano zilizopigwa chapa, kila mwanachama achukue moja bila malipo kabla ya kwenda kibaruani. Wajumbe wa mabanda na yadi wasome habari hii kwa sauti katika mikutano yao, kwa ajili ya wale ambao macho yao hayakuzoea herufi. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na Novemba yaja.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI